Kisiki cha Chinongwe

Kaimu alikuwa amekwisha kukiri kwamba ameua, na kukiri kwenyewe ndiko kulikomkera Sajini Isihaka. Kwa kawaida mtu akikiri, mpelelezi hufunga kazi akaenda kunywa chai. Lakini Kaimu alikiri akiwa ameugeukia ukuta, kama mtu aliyefumaniwa akioga uwanjani, na kila alipoulizwa jambo la maana alijibu uongo.

"Hebu nieleze tena," alisema Isihaka. Walikuwa wameketi katika chumba cha mahabusu cha kituo cha Nachingwea, asubuhi, mlango umerudishwa. "Ulimuuaje Abdulatifu?"

"Nilimkata panga."

"Wapi?"

"Shingoni. Andika hivyo, Sajini, unipeleke Lindi wakaninyonge."

"Maiti niliifunua mimi mwenyewe. Shingo haina hata mkwaruzo. Ana alama moja tu, inapita chini ya makwapa na kuzunguka mgongo. Na mbavu zimevunjika."

Kaimu alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti iliyozoea mikutano, ila siku hizo ilikuwa imekwisha kabisa.

"Basi nilimfunga mnyororo," alisema.

"Mimi sikutaja mnyororo."

Kaimu akajifunika uso kwa viganja. Isihaka alikuwa amewahi kuona watu wakijifunika uso kwa hofu, na wengine kwa majuto. Hii haikuwa hofu. Mtu huyu aliona haya, na si haya ya kuua, kwa sababu hakuua. Alijua Abdulatifu alivyokufa, na alikuwa tayari kunyongwa ili asiliseme.

"Unamficha nani?"

"Simfichi mtu. Mimi ndiye niliyeua. Una kazi gani tena?"

Kazi ilikuwepo. Kaimu na Abdulatifu walikuwa wakigombea kiti kimoja katika baraza la wilaya, mwaka ule wa 1957, na ugomvi wao wote ulihusu watu-bati. Baada ya vita kampuni moja ya kigeni, ambayo wenyeji waliiita Kampuni ya Visiki, ilileta mashine zenye umbo la binadamu kuja kufyeka msitu ili ilime karanga. Zilikuwa na ngozi ya mpira, macho yanayopepesa, kaptula za kaki, na Kiswahili cha adabu kuliko cha makarani. Karanga zikagoma, kampuni ikaondoka, watu-bati wakabaki wakikodiwa na wakulima kung'oa visiki. Abdulatifu alitaka wabaki, wawarahisishie watu kilimo. Kaimu, ambaye zamani alikuwa nyapara wa vibarua na baadaye nyapara wa mashine zilizowafukuza vibarua wake, alitaka zifukiwe zote.

Abdulatifu alikutwa amekufa kwenye shamba la Chinongwe, upande wa Ruangwa, siku aliyozikwa mjomba wa mkewe. Watu-bati hawamgusi mtu. Hilo lilijulikana kila mahali. Mtoto aliweza kusinzia juu ya mguu wa mashine, nayo ikasimama hivyo hivyo mpaka aamke. Kwa hiyo aliyeua ni binadamu, na binadamu mwenye sababu alikuwa mmoja. Tena mbele ya wafiwa wote Kaimu alimwita mwenzake kisiki na kusema ang'olewe.

Kaimu alikuwa mtani wa nyumba ile, na mtani msibani husema lolote. Angeweza kumwita mfiwa mbwa, akavaa kanzu ya marehemu, akalala kaburini akadai alipwe ndipo atoke, na hakuna wa kununa. Isihaka, mzaliwa wa Mandawa, alilijua hilo tangu utoto. Lakini mkubwa wake Mwingereza alipouliza maneno yale yana maana gani, Isihaka aliona soni kumweleza Mzungu kwamba kwao watu hutukanana makaburini wakacheka. Akasema ni tishio. Neno moja, likamfunga Kaimu. Tangu siku ile Isihaka hakuwa na raha, na alistahili kukosa raha.

Alipotoka nje alimkuta Salimu kwenye baraza ya kituo. Salimu alikuwa msaidizi wa Abdulatifu katika kampeni, na sasa ndiye aliyerithi kugombea. Suti yake ilikuwa nzito mno kwa jua la kwetu.

"Mbona Kaimu hajapelekwa Lindi?" aliuliza. "Watu wake wanapita sokoni wanasema mashine ndiyo iliyoua."

"Na nyie mnasemaje?"

"Tunasema mashine haiui. Kaua Kaimu. Si alimwita kisiki, watu wote tunasikia?"

"Mliposikia mkafanyaje?"

Salimu alirekebisha tai. "Tulicheka. Si watani wale, Bwana Sajini? Hata lile bati lililokuwa linafukia kaburi likauliza, hiki ni kisiki? Watu wakafa kwa kicheko. Wakasema loo, hata bati limejifunza utani."

Isihaka alisimama. Habari ya bati kuuliza hakuwa ameisikia kwa shahidi yeyote, maana kwao lilikuwa kichekesho tu, na vichekesho hawakuvihesabu kuwa ushahidi.

"Baada ya mazishi je? Mlisikia kitu?"

"Kitu gani?"

"Mimi ndiye ninayeuliza."

Salimu alitazama viatu vyake. Akaongea taratibu, kama anayetoa mwiba mguuni. "Tulikuwa tunanawa. Tukamsikia Abdulatifu kule mwisho wa shamba, alikokwenda kujisaidia. Anaita, niache, mimi ni mtu. Anarudia, jamani, mimi ni mtu. Tukajua kuna mtani mwingine kamkamata huko anataka fidia. Tukacheka tena."

"Nawe?"

"Nilicheka. Niliitikia kabisa. Nilimwambia, jing'oe mwenyewe."

Isihaka aliuliza swali lililobaki kwa sauti ndogo. "Wakati huo Kaimu alikuwa wapi?"

"Sikumbuki."

"Salimu."

"Alikuwa ananimiminia maji," Salimu alisema. "Alikuwa ameshika kata, ananimiminia maji mikononi. Lakini usinitaje. Nikiitwa Lindi nitasema sikumbuki, nakwambia mapema. Kura zimekaribia. Nikisimama mahakamani kumtoa Kaimu, nitawaambia nini watu wangu? Kwamba mgombea wao alikuwa anakufa na mimi namcheka?"

Akashuka baraza haraka. Isihaka hakumfuata. Shahidi anayesema hivyo usoni kwako, mahakamani hana thamani, na Kaimu aliyekiri kwa hiari angeamini­wa kuliko Salimu aliyelazimishwa. Aliagiza Landrova.

Njia ya Chinongwe ilikuwa ya vumbi, na Isihaka alishuka mdomo mkavu. Shamba lilikuwa la mikorosho michanga na ufuta uliokwisha vunwa, na upande mmoja msitu uliokuwa bado unafyekwa. Mahali maiti ilipokutwa palikuwa na tuta la visiki, na mara ya kwanza alipofika hapo alitazama maiti tu, kama polisi yeyote mwenye haraka. Safari hii alitazama visiki.

Vilikuwa vimelazwa kwa mpangilio, kimoja baada ya kingine, shina likielekea barabarani na mizizi ikielekea msituni. Hakuna mkulima anayepoteza muda kupanga visiki hivyo. Pembeni ya kila kimoja kulikuwa na mburuzo wa mnyororo. Kisha alikumbuka Abdulatifu alivyokuwa amelala katika safu ile, kichwa barabarani, miguu msituni, mikono imenyooshwa vizuri kwenye mbavu. Watu walisema muuaji alimlaza hivyo kwa dharau. Hapakuwa na dharau hapo. Palikuwa na kazi iliyofanywa kwa uangalifu, kama kazi nyingine zote kwenye safu ile.

Mashine iliyofanya kazi shambani ilikuwa imesimama chini ya mkorosho, mnyororo begani. Watu waliiita Saturnini, kwa mzaha wa fundi mmoja Mkristo aliyeipokea siku ya mtakatifu huyo. Hakuna aliyekuwa ameihoji. Nani anahoji jembe?

"Saturnini," Isihaka alisema, "unanijua mimi?"

"Wewe ni Sajini Isihaka. Shikamoo."

"Marahaba. Siku ya mazishi, nani alikwambia habari ya kisiki?"

"Nyapara Kaimu. Alimshika Abdulatifu bega, akasema, huyu si mtu, huyu ni kisiki, kinawazibia wenzake njia, king'oe."

"Ukaking'oa?"

"Hapana. Kaimu si mwenye shamba. Ilinibidi niulize."

"Kwa nini uulize? Huna macho? Hukuona kuwa ni mtu?"

Macho ya mpira yalipepesa. "Zamani tuliacha visiki vingi, tukidhani ni watu waliochuchumaa. Kampuni ikatufundisha tusiamini macho. Mwenye shamba aulizwe, na neno lake likubaliwe. Baada ya hapo kisiki hata kikisema, hatusikilizi."

Kulikuwa na njia moja tu ya kutokea, Isihaka akaishika. "Mwenye shamba alikuwa Abdulatifu mwenyewe. Ulimuuliza yeye, akajibu kwa mzaha. Sivyo?"

"Abdulatifu si mwenye shamba."

Alijua. Alijua kabla ya kuuliza, na aliuliza akitumaini atakosea. Mkubwa wake angesema shamba ni la mume. Vitabu vyake vyote vilisema hivyo. Lakini hapa mwanamume huoa akaenda kukaa kwao mke, akalima ardhi ya wakweze, na akifa au akiachwa huondoka na nguo zake. Shamba lilikuwa la marehemu mjomba, na mjomba alipofukiwa likawa la mpwa wake, mkewe Abdulatifu, mbele ya kaburi lile lile. Kaimu, nyapara wa zamani, alielewa mara tu maiti ilipopatikana. Ndiyo maana alikimbilia kukiri.

"Mwenye shamba alijibuje?" Isihaka aliuliza, kwa kuwa ilimpasa.

"Alicheka. Alisema, ndiyo, king'oe, kimenichosha hiki." Saturnini alingoja kidogo. "Sajini, kazi ina kasoro?"

Isihaka aliondoka akaenda kujikalia kwenye ngazi ya Landrova, akaona aibu kwa ajili ya mashine, kwa ajili ya Kaimu, kwa ajili ya watu wote walionawa mikono wakicheka. Zaidi aliona aibu kwa kile alichokuwa anakwenda kufanya. Akinyamaza, Kaimu atanyongwa. Akisema, kuna mwanamke atakayejua kwamba amemuua mumewe kwa mdomo wake. Ushahidi wa mashine peke yake haukutosha. Hakuna hakimu angeapisha bati. Alihitaji neno la mwanamke huyo.

Nyumba ilikuwa ng'ambo ya shamba. Mlangoni aliketi Bibi Biasha, mama wa mjane, mzee mfupi mwenye macho makali, akipepeta mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu yuko eda. Haonwi na wanaume."

"Najua, bibi. Nitakaa hapa hapa nje. Niongee naye kupitia ukuta."

"Uongee nini? Kaimu si umemshika? Mnyongeni tupumzike."

"Huko kumnyonga ndiko kulikonileta."

Bibi Biasha akasogeza ungo. Isihaka aliketi chini, mgongo ukiegemea ukuta wa udongo. Alitafuta pa kuanzia. Alianza na pole, akaendelea na mvua, akauliza habari za ufuta, mpaka Bibi Biasha akaguna.

Sauti ya Mwanamvua, yule mjane, ikatoka ndani, karibu sana, kana kwamba naye ameegemea ukuta huo huo. "Bwana Sajini, umekuja kuniuliza habari ya ile ndiyo yangu?"

Ungo wa Bibi Biasha ulisimama.

"Ulijua?" Isihaka aliuliza.

"Nilijua waliponiletea maiti. Niliona alama ya mnyororo. Nilikuwa nimemwona Saturnini akiuliza, mimi nikamjibu. Mtani kasema, nami nikamsaidia mtani wangu, ndivyo tulivyozoea. Mume wangu mwenyewe alicheka. Alinambia, mke gani wewe."

"Mwanangu, nyamaza," alisema Bibi Biasha.

"Nimenyamaza vya kutosha, mama." Sauti ilikatika, ikarudi. "Nilimngoja Kaimu aseme, Sajini. Nilijiambia, akisema yeye, nitakubali, nitasema kweli nilijibu. Kila asubuhi nasikia gari kijijini nadhani wamekuja kunichukua. Kumbe anakaa kimya. Kwa nini hasemi? Anataka kunifanya nini?"

Isihaka alifumba macho. "Hataki ujue. Amekiri kwamba ameua yeye. Anasema anyongwe."

Mwanamvua alilia, kilio kidogo cha kujibana, cha mtu aliyelia sana kabla na ambaye hakujiona ana haki ya kulia tena.

"Na mimi nikamwacha," alisema. "Nimekaa humu ndani ya eda nikajificha. Watu wananionea huruma, wananiletea uji, nami naupokea. Mama, nipe shuka."

"Unakwenda wapi? Eda haijaisha. Watu watasema nini?"

"Watasema. Na waseme."

"Mwanamvua, kaa. Sajini, mwambie akae. Mwambie utaandika wewe mwenyewe."

Isihaka alitaka kusema hivyo. Alikuwa na neno tayari mdomoni, kwamba ataandika maneno yake, atampigisha dole gumba, mambo yataishia hapo. Lakini alijua Salimu angesema mjane kalishwa maneno na polisi, na watu wa Kaimu nao wangelipeleka jina lake sokoni kabla yake. Pande zote mbili zingemla. Jambo lile lilihitaji sauti yake mwenyewe, na mbele ya watu.

"Siwezi, bibi," alisema. "Nisamehe."

Mwanamvua akatoka. Alikuwa amejifunika shuka nyeupe kuanzia kichwani, uso hauonekani, akapita katikati ya uwanja, majirani wakisimama milangoni. Hakuna aliyemsalimu. Bibi Biasha aliacha ungo akamfuata, akapanda gari pamoja naye bila kualikwa.

Walifika Nachingwea soko likiwa limejaa. Habari ilikuwa imewatangulia, hakuna ajuaye kwa njia gani, na mbele ya kituo walikuwepo watu wa Salimu kwa upande mmoja na watu wa Kaimu kwa upande mwingine, kila upande ukitumaini mjane amekuja kusema la kwao. Mwanamvua hakuingia ndani. Alisimama kwenye baraza, palipokuwa na Mwingereza, na karani, na Salimu mwenyewe.

"Kaimu hakumuua mume wangu," alisema kupitia shuka. "Alimtania, kama mtani. Mashine iliniuliza mimi, mwenye shamba, kama ni kisiki. Mimi nikasema ndiyo. Mlikuwepo. Mlicheka wote."

Salimu alikuwa ameinamisha kichwa, na watu wake wakawa wanatawanyika mmoja mmoja, wakijifanya wana shughuli sokoni. Watu wa Kaimu nao hawakushangilia, ingawa walikuwa wamepata walichokitaka, mashine ndiyo iliyoua. Maana na wao walikuwepo makaburini. Mwingereza alimuuliza Isihaka mwanamke amesema nini. Safari hii Isihaka alimweleza yote, na utani wake, na kicheko chake, na jinsi yeye mwenyewe alivyoliita tishio.

Jioni ilipokaribia aliruhusiwa kufungua mlango wa mahabusu. Kaimu hakuinuka.

"Nani kamwambia?" aliuliza, bado ameugeukia ukuta.

"Alijua. Alijua siku zote."

"Basi nimekaa humu bure."

"Toka, Kaimu. Anakungoja."

Kaimu alitoka akipepesa macho. Mwanamvua alikuwa ameketi chini barazani kando ya mama yake, shuka imeshuka mabegani, uso wazi, kwa kuwa hakukuwa na la kuficha tena. Tangu alipoolewa, Kaimu hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita mke wangu, njiani, sokoni, mbele ya Abdulatifu, akamdai chakula, akamtishia talaka, naye Mwanamvua akamrushia maji machafu, na siku ikapita vizuri. Sasa Mwanamvua alimtazama akingoja. Hata tusi dogo lingemtosha.

Kaimu alivua kofia. Alipiga magoti mbele yake, mtu mzima na ndevu zake, kama anavyopiga magoti mgeni kwa mama mkwe.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mwanamvua alichelewa kuitikia. Alitazama pembeni, akatazama tena, kama anayetafuta mtu mwingine aliyesalimiwa.

"Marahaba," alisema, akajifunika uso.